Akina Brammelkotte wa Bordesley Green

Kwa miaka ishirini na saba kazi yangu ilikuwa kuwauliza watu wamezaliwa na nani, na hao waliowazaa walikufa kwa nini. Ukifanya hivyo barazani utaitwa mbea. Hospitalini hapa Birmingham wanakupa kadi ya kuning'iniza shingoni na kiti chenye magurudumu, na umbea unageuka taaluma. Nimestaafu mwezi wa tatu. Vijana wa ofisi mlinipa keki na birika la umeme, halafu mmoja wenu akaniambia, "Auntie, andika basi, usiondoke na kila kitu kichwani." Haya, naandika. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na vyote vilichelewa. Mshahara mnaujua, ni huohuo mnaoulalamikia.

Nilianzia stoo ya mafaili, chini ya ardhi, chumba kisicho na dirisha hata moja. Siku ya kwanza nilivaa viatu vyangu vya harusini, vyenye visigino, nikidhani ofisi ni ofisi. Saa nne asubuhi nilikuwa pekupeku juu ya saruji, nimebeba mafaili hadi kidevuni. Msimamizi, Mwingereza mmoja asiyependa maneno mengi, aliniangalia miguu, akaenda zake, akarudi na mabuti ya mpira ya mtu aliyeacha kazi. Namba tisa. Mimi navaa tano. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nami kamba yangu ilikuwa mabuti hayo, niliyavaa wiki nzima kwa sababu niliona haya kumwambia hayanitoshi. Ndivyo nilivyolelewa kwetu Tanga: ukipewa na mkubwa, pokea kwa mikono miwili, unyamaze.

Baada ya miaka mitatu kliniki ya maradhi ya kurithi, ghorofa ya nne, ilitafuta karani wa kuchora koo. Nilipanda huko kwa furaha, kwanza kwa sababu kulikuwa na dirisha. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mgonjwa akija na maradhi yanayotembea ndani ya familia, karani anakaa naye, anamchorea mti wa ukoo wake kwenye karatasi kubwa. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara. Aliyekufa anakatwa kwa mstari wa mshazari, mwenye ugonjwa anapakwa weusi. Binamu waliooana wanaunganishwa kwa mistari miwili, na kwa mitaa tunayoihudumia, wallahi, penseli ya mistari miwili haikupumzika. Siku hizi kompyuta inachora yenyewe. Sisi tulikuwa na penseli, kifutio, na rula ya plastiki yenye matundu ya mraba na duara.

Aliyenifundisha ni Beryl, nesi mzaliwa wa Jamaika, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Beryl alikuwa na kanuni zake. Kila swali uliza mara tatu, kwa maneno matatu tofauti. Mkubwa wa familia mtoe nje umsikilize peke yake, na kama ni mwanamke, ndio zaidi. Usikubali "presha" wala "alianguka tu" kuwa sababu ya kifo. Uliza alianguka akifanya nini. "Watu hawasemi uongo juu ya marehemu wao, Rukia," aliniambia. "Wanawapiga pasi tu. Kazi yako ni kutafuta makunyanzi." Nilimpenda sana Beryl. Alipostaafu nililia chooni, halafu nikatoka nikamwambia ni mafua.

Daktari wetu mkuu alikuwa Kalasinga aliyezaliwa Kisumu, Daktari Jaswant, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kisumu hivyohivyo. Siku moja alinipigia simu kutoka chumba cha pili: "Rukia, kuja haraka. Hii mtu anasema ana baba watano. Mimi nichore aje?" Nikaenda. Alikuwa Mkongomani, mtu mpole, ameshika kofia mapajani. Nikamuuliza: hao baba watano, nani alilala chumba kimoja na mama yako? Akacheka, akasema, "Ah, huyo ni mumoja tu! Bengine ni baba mukubwa na baba mudogo, lakini bote ni baba yangu." Mraba mmoja ukabaki mahali pake, minne ikahamia pembeni. Daktari Jaswant alisimulia kisa hicho kwenye mikutano mpaka nikaona aibu, lakini aibu yenyewe ilikuwa tamu. Toka hapo kila familia ya Waafrika ilipitia mezani kwangu. Msomali, Mganda, Mzigua, wote kwa Rukia, Rukia anajua mambo ya kwao. Nami nikaanza kuamini kwamba najua.

Sasa nifike kwenye kisa ninachotaka mkisome kwa makini. Mengine mnaweza kuruka.

Alikuja mwanamke wa Longbridge, Ingrid Brammelkotte, miaka sitini na ushei. Baba yake alikuwa mfungwa wa vita Mjerumani aliyebaki Uingereza vita vilipokwisha, akaoa, akafanya kazi kiwanda cha magari hukohuko Longbridge mpaka akachoka. Ingrid mwenyewe alizaliwa hapa na alizungumza Kiingereza cha hapa kabisa, kile cha kuvuta maneno. Kaka yake, Karl, alikuwa amefariki wakati wa theluji, akisukuma gari la jirani lililokwama. Alicheka, akasema ngoja nipumzike, akaanguka. Walipompasua walikuta misuli ya moyo imenenepa. Damu yake ilipopimwa ikaonekana hitilafu ya kurithi. Ugonjwa huo, kwa msioujua, hauna adabu: mtu anaweza kuishi nao mpaka uzee asijue, mwingine unamwangusha akiwa na miaka ishirini, tena akiwa mbioni. Mwenye nao, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Kwa hiyo kazi ya kliniki ni kutafuta ndugu wote wa damu waliobaki, wapimwe.

Ingrid alikuja na kopo la biskuti limejaa karatasi. Alikuwa amefanya nusu ya kazi yangu. Jina la Brammelkotte, alinieleza, limetoka sehemu moja tu, vijiji viwili vya Westfalia, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani. Maana yake ni kitu kama kijumba cha wakulima wadogo kwenye vichaka vya miiba. Kwanza lilikuwa jina la shamba, si la watu. Leo wenye jina hilo duniani wangeenea kwenye basi moja na viti vikabaki: kaya chache hukohuko vijijini, mzee mmoja Brazili, na Birmingham, yeye na watoto wa Karl.

"Na huyu," akasema, akatoa karatasi aliyoichapa kutoka kwenye mtandao. Yalikuwa matokeo ya riadha, mbio za mita mia nane za wanawake, klabu moja ya mashariki mwa jiji. Nafasi ya pili: Zuhura Brammelkotte.

Ala! Nilicheka kwa sauti. Ingrid hakucheka. Alisema mdogo wake babu yake, Friedrich, alikwenda Afrika Mashariki kulima mkonge kabla ya vita vya kwanza, na alirudi peke yake, bila mke wala mtoto. "Huyu msichana ni nani?" akauliza. Daktari Jaswant akageuka kuniangalia mimi, mjuzi wa mambo ya kwetu.

Nikatoa hotuba. Nikamwambia asihangaike. Nikamweleza kwamba kwetu jina la mwisho si lazima liwe la ukoo; langu mimi ni jina la babu tu, na watoto wa dada yangu wana jingine kabisa. Nikamwambia kwamba watu wa mashamba ya mkonge waliitwa kwa mashamba yao, huyu wa fulani, yule wa fulani, na wengine majina hayo yakawaganda mpaka kwenye pasipoti. Ingrid akasema hata kwao Westfalia ilikuwa hivyohivyo! Mwanamume akioa binti mwenye shamba, aliacha jina lake akachukua la shamba. Babu wa babu yake alizaliwa na jina jingine kabisa. Basi sote tukatikisa vichwa kwa jinsi dunia ilivyo ndogo. Daktari Jaswant peke yake hakutikisa. "Kuuliza si ujinga," akasema. "Ita wao."

Sheria hazituruhusu kuwaandikia watu tusiowahudumia, kwa hiyo barua tuliiandika sisi, Ingrid akaipeleka kupitia klabu ya riadha. Wiki moja baadaye simu yangu ikalia. Alikuwa Salim, baba yake Zuhura, dereva wa foklifti kwenye ghala, mkazi wa Bordesley Green. Aliposikia namjibu kwa Kiswahili cha Tanga alifurahi hata akasahau alichopigia. Mwisho akasema, "Dada, mambo ya ukoo mimi siyawezi. Nitakuja na shangazi."

Walikuja wawili. Zuhura alikuwa mazoezini. Shangazi yake Salim, Bi Mwanaidi, alikuwa mama wa miaka themanini, mwembamba, mweupe kidogo, mtandio mpya bado una mikunjo ya dukani. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikamletea kiti cha daktari kwa sababu ndicho chenye mto, na kikombe cha chai. Salim akasimulia. Babu yake mzaa baba, Hemedi, alizaliwa kwenye shamba la mkonge la Mjerumani huko Muheza. Baba yake Hemedi alikuwa mnyapara wa shamba. Jina la Mjerumani lilichapwa kwenye kila robota la mkonge, kwa hiyo watoto wa pale walijifunza kuliandika kabla ya majina yao wenyewe. Shule ilipokuja kutaka jina la tatu, Hemedi akaandika hilo, na wanawe wakaendelea nalo. "Ni jina la shamba tu, dada," Salim akamaliza. "Hapa Uingereza limenisaidia sana kuitwa kwenye usaili, wakiniona mlangoni wanashtuka."

Tukacheka. Nikamgeukia Bi Mwanaidi. Hemedi alikuwa baba yake. "Ndivyo, shangazi?"

"Ndivyo anavyojua yeye," akasema.

Akanitazama. Akaendelea kunitazama, macho ya rangi ya chai isiyokolea. Mimi nikainamisha yangu.

Niseme wazi nilichofikiri, maana ndicho ninachoandikia. Nilimwona mweupe, nikajiambia Tanga weupe wako tele, bibi yake atakuwa Mwarabu wa Pangani. Nilisikia jibu lake halikukaa sawa. Beryl angemtoa chumbani palepale. Chumba cha pili kilikuwa kitupu na funguo ninazo mfukoni. Lakini ningeuliza nini? Nimwambie mtu mzima, mkubwa kuliko mama yangu, mbele ya mtoto wa kaka yake: samahani, bibi yako alizaa na mzungu? Nilihisi masikio yanawaka kwa kuliwaza tu. Nikamuuliza mambo ya kawaida, akajibu ya kawaida, na nikaandika kwenye karatasi: jina la shamba, hakuna uhusiano wa damu. Nikatia sahihi. Daktari Jaswant alisoma, akasema kama Rukia amesema, basi. Hawakupimwa. Faili likafungwa.

Miezi mitano baadaye nikapata ujumbe kwenye kundi letu la Watanzania wa Birmingham: mdogo wake Salim, Athumani, amefariki Tanga. Nilikwenda Bordesley Green kuhani. Walisema alikuwa juu ya ngazi anapaka rangi nyumba ya mtu, akashuka, akakaa chini, hakuinuka tena. Miaka arobaini na sita. Asubuhi alikuwa hai, alasiri wakamzika, kama ada yetu. Jua, wakasema wengine. Kijicho, wakasema wengine. Mimi niliyekuwa nikilipwa kuuliza marehemu alianguka akifanya nini, nilikaa mkekani nikala pilau, nikasema Mungu amrehemu. Sikuunganisha kitu. Bi Mwanaidi alikuwa amekaa ukutani kinyume changu. Alinishika mkono nilipoaga, akaushika kwa muda mrefu, nikadhani ni msiba.

Halafu ikaja Ramadhani, na Zuhura akaanguka kwenye uwanja wa mazoezi. Alizinduka mwenyewe baada ya dakika moja hivi. Nyumbani wakasema ni swaumu, nani amekwambia ukimbie na njaa? Yeye mwenyewe akasema ni swaumu. Kesho yake akafuturu vizuri na kuahidi kupumzika mpaka Idi.

Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, mapokezi wakaniita. Bi Mwanaidi alikuwa kwenye benchi la korido, amevaa koti la Salim linalomfika magotini, ameshika kikaratasi chenye anwani yetu kwa mwandiko wa jirani. Mama huyo Kiingereza chake ni "thank you" na "bus". Alikuwa amepanda mabasi mawili, na la kwanza lilimpeleka Shard End, upande mwingine kabisa wa jiji. Nikamwingiza chumba cha pili, nikafunga mlango.

Akazungumza. Akasema baridi ya safari hii haina heshima. Akasema mihogo ya sokoni inakuja imegandishwa, ukiichemsha inakuwa uji. Akaniuliza watoto wangu hawajambo. Nikamwambia hawajambo. Akaniuliza tena. Nilikuwa na mgonjwa anasubiri, na moyoni nilianza kuchoka, Mungu anisamehe. Mwisho akakunja kile kikaratasi mara nne.

"Huna la kuniuliza, mwanangu?"

Sijui ni Beryl aliyenipiga kofi kutoka alipo, au ni uso wa mama yule. Nilisikia sauti yangu inauliza, "Shangazi, baba yako mzee Hemedi, nani alimzaa?"

"Mjerumani," akasema, papo hapo, bila kupepesa. "Yule mwenye shamba."

Bibi yake, Mwanasha, alikuwa mpishi kwenye nyumba ya Friedrich Brammelkotte. Mtoto alizaliwa Mjerumani yuko palepale. Vita vikaja, Mjerumani akaondoka, na mnyapara akamuoa Mwanasha na mtoto wake mkononi, akamlea kama wake, hakuwahi kumtukana kwa hilo hata siku moja. Wazee wa pale wakakaa wakaamua: mtoto ni wa mnyapara, jina ni la shamba, na mazungumzo yamekwisha. Hemedi alimwambia bintiye mmoja tu, Mwanaidi, na akamwapisha.

Nilichukua karatasi mpya. Nikamuuliza Hemedi alikufaje. Alianguka akikata mkonge, hajafika hamsini. Juma, kaka yake Mwanaidi, yaani baba yake Salim? Alianguka akisukuma baiskeli mlimani. Kaka mwingine? Huyo alikuwa kipa. Alianguka golini, wakasema amerogwa na timu ya pili. Ya Athumani nilishayajua. Mkono wangu ulikuwa unapaka miraba weusi, mmoja baada ya mwingine, na mama anayetaja majina hayo alikuwa anahesabu kwa vidole, polepole, kama anayehesabu tasbihi. Alipofika kwa Zuhura akafunga kiganja. "Huyu bado," akasema. "Huyu fanyeni haraka."

Nilimfuata Daktari Jaswant hadi wodini. Nilimwonyesha karatasi, hakuuliza swali. Alisema, "Leo. Si kesho." Bi Mwanaidi aliomba jambo moja, kwamba Salim amsikie yeye kwanza, asiisikie kwa daktari. Nikamrudisha nyumbani mwenyewe kwa teksi, nikasubiri mlangoni. Mtaa ule nyumba zimebanana, sauti ya Salim niliisikia kutoka barabarani. Halafu akatoka, macho mekundu, akaja kwangu moja kwa moja.

"Bi Rukia, umri wangu huu, leo naambiwa mnyapara si babu yetu? Tanga watasemaje? Mimi ni nani sasa?"

"Salim," nikasema, "nifokee kesho, nifokee mwaka mzima. Leo mlete mtoto."

Akamleta. Wote wawili walikuwa nayo, baba na binti, hitilafu ileile iliyomuua Karl, hakuna tofauti hata chembe. Salim yake ilikuwa bado ndogo, alipewa dawa. Ya Zuhura ilikuwa mbaya. Daktari wa moyo alisema amekuwa akikimbia mita mia nane na bomu kifuani. Wakamtia kifaa cha kushtua moyo, kidogo kama sanduku la kiberiti, chini ya ngozi karibu na mtulinga. Alilia kwa ajili ya mbio kuliko alivyolia kwa ajili ya moyo. Mama yake alipomwambia ashukuru yuko hai, alimjibu kwa Kiingereza kwamba anashukuru, lakini aachwe alie. Nilimwona ana haki. Baada ya miezi kadhaa kile kifaa kilimshtua mara moja, kwenye ngazi za maktaba. Anasema ni kama kupigwa teke na punda. Bila teke hilo tungekuwa tumemzika.

Ingrid alikwenda kuwatembelea na keki aliyooka mwenyewe. Nilikuwepo kutafsiri, ingawa kazi yangu ilikuwa ndogo, kwa sababu Bi Mwanaidi alimtazama weee, akamshika sikio bila ruhusa, akasema, "Baba huyu." Ingrid hakuhitaji tafsiri. Salim ilimchukua karibu mwaka mzima kumzoea shangazi yake tena. Siku hizi, mtu akimuuliza jina hilo amelitoa wapi, husema, "Kaa chini, ni refu."

Kosa langu niliandika ripoti yake mwenyewe, kwa jina langu, nikampelekea Daktari Jaswant. Alisoma mpaka mwisho. "Makosa ni moja tu, Rukia," akasema. "Ulijua sana." Hawakunifukuza. Walibadilisha utaratibu: karani haandiki tena "hakuna uhusiano wa damu" kwa maneno ya mtu mmoja, na mkubwa wa familia lazima asikilizwe peke yake. Ninyi mnaona fomu hiyo kila siku na mnailalamikia kwamba ina kurasa nyingi. Kurasa hizo nimezizaa mimi.

Na msiniambie ninyi ni wa kizazi kingine, hamna haya hizi. Nimewasikia. Mpunjabi anakuja mezani kwa Mpunjabi, mnaitana uncle na auntie, mnaanza kuulizana vijiji, na swali la tatu mnalimeza pamoja na mate. Mgeni huuliza kwa ujinga wake. Sisi tunanyamaza kwa heshima, na heshima yetu inaua watu.

Wiki moja kabla ya kustaafu nilikwenda Bordesley Green kumuaga Bi Mwanaidi. Sasa haoni vizuri, lakini masikio yake mazima. Tulikaa sebuleni peke yetu. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Nikamwambia kwamba siku ile ya kwanza niliona jibu lake halikukaa sawa, na sikuuliza, kwa sababu nilimwonea haya. Nikamwambia hata ningeuliza labda asingeniambia, na kiapo chake, lakini ilikuwa kazi yangu kuuliza.

"Nani kakwambia nisingekuambia?" akasema.

Akajiweka sawa kwenye kochi.

"Baba aliniapisha nisije nikalitoa kinywani mwangu mwenyewe. Hakuniapisha kumwongopea anayeniuliza. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza, wanangu wote wana adabu. Salim aliponiambia kuna watu hospitali kazi yao ni kuuliza mambo hayo, nilinunua mtandio. Niliamka kabla ya alfajiri nikasali, nikasema leo nautua mzigo huu, leo nitaulizwa. Nikaja nikakaa mbele yako, nikakutazama. Athumani alikuwa hai siku ile."

Alipapasa kitambaa cha kochi mpaka akaupata mkono wangu.

"Wewe ukaniuliza kama chai ina sukari ya kutosha."